Mbio za Kukimbiza Mnara

Neno lilifika Jumanne asubuhi, la tano katika orodha ya mashindano ya siku ya michezo ya kiwanda. Manne ya kwanza hayakumsumbua Zilpah Khalayi. Mbio za mita mia, kuvuta kamba, kuruka juu, kutupa mkuki: aliyatia yote katika Kiswahili kabla chai yake haijapoa. Halafu akafika kwenye la tano, steeplechase, neno refu lisilo na mahali pa kupumzikia, akalitazama kama mtu anavyoutazama mto uliofurika wakati kwao ni ng'ambo.

"Bwana Pickering," akaita kupitia mlango uliokuwa wazi, "hili la tano ni mchezo gani?"

Bwana Pickering, Mwingereza mrefu aliyesimamia mambo ya wafanyakazi, alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega. "Mbio," akasema. "Wanakimbia, wanaruka vitu. Tafuta neno, Zilpah. Si maneno ndiyo kazi unayoitaka?"

Ndiyo hasa. Aliitaka mpaka chakula kikakosa ladha.

Kiwanda kilikuwa na Landrova ya matangazo, yenye pembe mbili za kipaza sauti juu ya paa, zimefunguka kama maua ya maboga. Ilizunguka vijijini kuwaambia wenye mashamba ni lini miwa yao itakatwa, na ni daraja gani limechukuliwa na mvua. Wanjala, aliyekuwa msemaji wake, alikuwa amehamia Nairobi, na kiti chake kilikaa wazi. Bwana Pickering alimpa Zilpah nafasi moja. Atasoma vijijini matangazo ya ukataji wa miwa na ya siku ya michezo kwa siku mbili, kisha Jumamosi atangaze mashindano yenyewe uwanjani. "Watu wakielewa unachosema, kiti ni chako," alimwambia. "Wasipoelewa, kuna bwana mmoja wa Kisumu ameshaandika barua."

Zilpah alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sauti yake ilijulikana kabla ya sura yake. Utotoni, kwao Shinyalu, aliwekwa juu ya jukwaa la miti katikati ya shamba la wimbi afukuze ndege. Majirani wa ng'ambo ya bonde hawakujisumbua kupandisha watoto wao majukwaani. Zilpah mmoja alitosha mashamba matatu. Alipokua, sauti ile ilikosa mahali pa kwenda. Shuleni aliambiwa anapiga kelele, na kanisani alipewa kusoma mistari miwili mitatu ya Biblia, kisha akae. Kiwandani alipewa mashine ya kupiga chapa, na mashine haihitaji koo.

Na kiwanda kilikuwa kimebadilisha kila kitu. Miaka ile miwa ilikula shamba la mahindi, ikala la viazi, ikasogea mpaka ukuta wa jikoni. Mabati mapya yaling'aa kila kilima. Hewa yenyewe ilikuwa na utamu, harufu nzito ya molasi iliyoingia katika nguo na nywele, hata ikaingia katika maziwa. Katikati ya yote hayo lilisimama bomba la moshi la kiwanda, jeupe, tako lake jeusi kwa masizi, refu kuliko mti wowote wa msitu wa Kakamega. Hakuna aliyeliita bomba. Liliitwa mnara. Watu walisema, "Tukutane upande huu wa mnara," na mgeni aliyepotea kwenye miwa aliambiwa atafute mnara tu, atatoka.

Angeweza kumwuliza Kimutai. Kimutai, dereva wa trekta kutoka upande wa Lugari, alikuwa mkimbiaji, na kila asubuhi kabla ya kazi alionekana akikimbia kando ya reli ya vitoroli vya miwa. Lakini Jumatatu Kimutai alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi, mbele ya wakata miwa waliopanga foleni, akasema:

"Dada Zilpah, nasikia unataka pembe za Wanjala! Hiyo sauti ya Shinyalu si ni ya kuita kuku tu?"

"Na hiyo miguu ya Lugari," Zilpah akajibu bila kuinua macho, "si ni ya kukimbia kazi tu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, Kimutai mwenyewe akicheka kuwazidi. Lakini mwiba ulikuwa umeingia. Zilpah aliapa kwamba atakula karatasi ile na penseli yake kabla hajamwuliza Kimutai maana ya kitu chochote.

Akaazima kamusi ya pasta wake, yenye jalada lililoliwa na mende. Neno zima halikuwamo. Akalikata vipande viwili, jinsi mtu anavyokata muwa kwenye fundo. Kipande cha kwanza kilikuwamo: mnara wa kanisa. Cha pili kilikuwamo pia: kufukuza, kukimbiza. Moyo ukamruka. Kukimbiza mnara wa kanisa! Akaandika, akalisoma kwa sauti, na hapo akasita. Kanisa lao la Friends lilikuwa na bati na kengele iliyoning'inia mtini, halikuwa na mnara. Kanisa lenye mnara lilikuwa la Wakatoliki. Akisoma "mnara wa kanisa" vijijini, nusu ya watu watadhani mbio ni za Wakatoliki, wabaki nyumbani.

Akachukua penseli, akalifuta kanisa.

Alhamisi Landrova ikatoka, na Zilpah ndani yake. Alipobonyeza kitufe na kuisikia sauti yake mwenyewe ikiruka juu ya miwa, ikagonga kilima na kumrudia, alishika dashibodi kwa mkono mmoja asije akasimama. Wanawake waliacha majembe. Watoto walimiminika kutoka vichakani. "Jumamosi, saa nane mchana, uwanja wa kiwanda! Kuvuta kamba! Kutupa mkuki! Na mbio za kukimbiza mnara! Mkimbiaji ataruka kila kizuizi kilicho njiani, na maji pia ataruka! Mshindi ataondoka na baiskeli mpya!"

Kwenye kambi ya wakata miwa, mtu mmoja akalikimbilia gari na panga lake begani. Alikuwa Phanuel Makhanu, mkata miwa mwenye mapaja kama mihimili. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, meno yake tu ndiyo yaliyoonekana.

"Dada, mulembe," akasalimu kwa lugha ya kwao. "Huo mnara mnaosema, ni mnara upi?"

Dereva alikuwa ameshatia gia. Vijiji sita vilikuwa vinangoja. "Mnara ni mnara, ndugu yangu!" Zilpah akasema, na gari likaondoka.

Phanuel akabaki amesimama katikati ya vumbi. Akageuka polepole, akautazama mnara uliokuwa ukitoa moshi juu ya miwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya matrela. Zilpah alipewa trela la miwa lenye ngazi, na kipaza sauti mkononi. Kutoka pale juu aliona kila kitu: bahari ya miwa iliyokomaa, mashada yake meupe yakiyumba, na ng'ambo yake, kama maili moja hivi, mnara. Chini yake mjomba wake, Osundwa, fundi seremala wa kiwanda, alikuwa akipachika mahali pake vizuizi vinne vya mbao nzito, kila kimoja kina miguu kama ya kitanda cha mfalme. Mbele ya kizuizi cha pili walikuwa wamechimba shimo na kulijaza maji.

"Khotsa, hizo mbao zitaanguka?" Zilpah akamwuliza, akitumia neno la kwao la mjomba.

"Zianguke? Ng'ombe akigonga hapa anaomba msamaha," Osundwa akasema.

Kamba ikavutwa, mikuki ikaruka. Zilpah alikuwa moto. Alitangaza, akatania, akataja majina ya baba za washindani mpaka wazee wakajipiga mapajani kwa furaha. Hata Bwana Pickering, aliyekuwa na bastola ya kuanzishia, alimpungia mkono mara mbili.

Kisha ukafika mchezo wa tano. Wanaume kumi na wanne wakajipanga mstarini, wote pekupeku isipokuwa Kimutai, aliyevaa viatu vya raba na bukta ya buluu.

"Leo mtaona mgongo wangu tu," Kimutai akawaambia.

"Tutauona ukibebwa," Phanuel akamjibu, akitema mate katika viganja.

Bastola ikalia.

Wakaruka kizuizi cha kwanza kwa kishindo, wengine kwa mikono, mmoja kwa tumbo. Wakafika majini, maji yakarukia watu wa mstari wa mbele, kelele zikapasua anga. Kimutai akatoka majini wa kwanza, akakunja kushoto kufuata mzunguko wa uwanja. Phanuel akatoka majini wa pili. Hakukunja. Alinyoosha kidole mbele, kuelekea mnara, akapiga yowe, akapita kwenye pengo la ua wa michongoma, akazama katika miwa. Na wengine kumi na wawili, wakichuruzika maji, wakamfuata.

Uwanja ukanyamaza kiasi kwamba viatu vya Kimutai vilisikika vikigonga udongo, tap, tap, tap. Alifika upande wa mbali, akaruka kizuizi cha tatu kwa uzuri wa swala, akageuza kichwa kuona amewaacha kwa kiasi gani. Hakuona mtu.

"Wameenda wapi?" akauliza, bila kusimama.

Zilpah alielewa kabla ya watu wote. Alilisikia neno lake mwenyewe likimrudia kutoka kilimani, kama Alhamisi. Kukimbiza mnara. Mnara upi? Mnara ni mnara. Chini, Bwana Pickering alikuwa amesimama, bastola ikining'inia, uso umekuwa mwekundu kama tofali. Kile kiti cha Landrova Zilpah alikiona waziwazi, na aliyekikalia alikuwa bwana wa Kisumu.

Angeweza kukiweka chini kile kipaza sauti. Angeweza kusema wakimbiaji wamekosea. Lakini kilikuwa mkononi, watu elfu mbili wanamtazama, na kutoka pale trelani aliona jambo ambalo wao hawakuweza kuliona. Mashada ya miwa yalikuwa yakitikisika. Mstari mmoja wa mtikisiko ulikuwa ukipasua shamba kama panya chini ya mkeka, na nyuma yake mingine, ikikimbizana.

"Jamani!" akasema, na sauti ikatoka yote, ile ya jukwaa la wimbi. "Jamani, kosa ni langu! Mimi ndiye niliyesoma kukimbiza mnara, na ndugu zetu wameenda kuukimbiza! Hapa uwanjani Kimutai wa Lugari yuko peke yake, mzunguko wa pili, anaruka kama aliyezaliwa juu ya ua! Na kule, nyie msioona, mimi ndiye macho yenu! Kuna mtu anaipasua miwa! Ni Phanuel, lazima ni Phanuel, hakuna mwingine mwenye kifua cha kufungua njia namna hiyo! Wamefika kwenye mtaro! Mmoja amesimama. Anaogopa mtaro! Ruka, ndugu yangu, ruka! Ameruka!"

Kelele iliyotoka uwanjani ilimsukuma nyuma hatua moja. Watu walikuwa wakipanda juu ya mabega ya wenzao. Ajuza mmoja aitwaye Rosebella akasukumana mpaka mguuni pa trela, mkongojo juu.

"We omukhana, wewe msichana! Hiyo miwa wanayoilaza ni yangu!"

"Pole, khukhu, bibi yetu!" Zilpah akasema kwenye kipaza sauti, kila mtu akasikia.

"Pole ya nini? Si ni wewe ulisoma inakatwa Jumatatu? Waambie wakanyage vizuri, waiangushe yote!"

Sasa zilikuwa mbio mbili, na Zilpah alizitangaza zote mbili, akigeuka huku na huku mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kimutai mzunguko wa nne, majini tena! Miwa imefika mwisho, wametoka, wako kwenye barabara ya matrekta, wanaume kama mchwa! Kimutai mzunguko wa tano, jasho, lakini mguu haujalegea! Na hapo, kutoka kiwandani, king'ora kikalia. Saa tisa kasorobo, saa isiyo yake kabisa. Askari wa getini, alipowaona wanaume kumi na watatu nusu uchi wakimjia mbio, hakuuliza. Alivuta kamba.

"Mnara umekamatwa!" Zilpah akapaaza. "Umelia wenyewe!"

Kimutai alimaliza mzunguko wa saba akiwa peke yake, akakata utepe, akainama mikono magotini. Kisha akanyooka, naye akaanza kutazama miwa kama watu wengine.

Walirudi baada ya robo saa. Phanuel alitoka kwanza katika pengo la michongoma, fulana imebaki mikono tu, miguu imechorwa damu na makali ya majani. Alirudi kupitia shimo la maji, akaruka kizuizi cha Osundwa upande usio wake, akaanguka mbele ya trela na kuinua viganja vyote viwili. Vilikuwa vyeusi tititi.

"Dada," akasema, pumzi zikimkata, "tumeugusa. Angalia. Wenzangu wote watakuonyesha, hakuna aliyedanganya."

Na kweli, mmoja mmoja walitokea, na kila mmoja aliinua viganja vyenye masizi ya tako la mnara.

Bwana Pickering alipanda ngazi ya trela. Zilpah alirudi nyuma mpaka ubao ukamgusa mgongo. Mabega ya Mzungu yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukingo wa trela. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Tafsiri," akamwambia. "Waambie haya ninayosema."

Zilpah akatafsiri, sentensi kwa sentensi. Kwamba zamani, katika nchi iitwayo Ireland, watu walibishana nani ana farasi bora. Hawakuwa na uwanja. Walichokuwa nacho ni kanisa hapa na kanisa kule, kila moja na mnara unaoonekana kutoka mbali. Basi walisema: tuanzie mnara huu, tumalizie mnara ule, na chochote kilicho katikati, ua, mtaro, kijito, ni cha kurukwa. Baadaye watu wakaanza kukimbia kwa miguu yao wenyewe. Baadaye tena wakachoka kupotea mashambani, wakautia ua na kijito ndani ya uwanja, wakazunguka. Mnara ulibaki katika jina tu.

"Kwa hiyo," Zilpah akamalizia, na sauti yake ikashuka kwa mara ya kwanza mchana ule, "ndugu zetu wamekimbia zile mbio za kale. Na Kimutai amekimbia za leo."

"Nani mshindi?" umati ukapaaza.

"Mimi nimekimbia mbio," Kimutai akasema. "Hawa wamekwenda safari."

"Wewe?" Phanuel akasema akiwa bado chini. "Wewe umezunguka kama ng'ombe wa kinu cha sukari guru!"

Kimutai akajaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Akamtazama Zilpah juu. "Lakini dada, mbona hukuniuliza? Hata redio inasemanga. Ni mbio za kuruka viunzi na maji."

"Ningekuuliza, ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekuambia."

"Viunzi!" Osundwa akaruka kutoka alikokuwa ameketi, juu ya kizuizi chake mwenyewe. "Si ndivyo nilivyoandika kwenye mbao zenyewe? Wewe mtoto wa dada yangu, umeuliza kama zitaanguka, hukuuliza zinaitwaje!"

Zilpah akatazama chini. Kwenye mguu wa mbao, kwa penseli pana ya seremala: kiunzi cha kwanza. Alilijua neno lile tangu utotoni. Kiunzi cha dirisha, kiunzi cha kitanda. Ni kile fundi anachoanza kukiunda kabla ya kitu chenyewe, mbao zikishikana mikono zikisubiri. Neno lilikuwa limesimama uwanjani tangu asubuhi kwa miguu minne, na yeye alikuwa amelitafuta katika kitabu kilicholiwa na mende.

"Baiskeli ni ya Kimutai," akatangaza, kwa sababu ilibidi mtu aseme. "Mbio zilizoandikwa kwenye karatasi amezishinda yeye. Karatasi nyingine ilikuwa kichwani mwangu, na kwa hiyo nawaomba radhi Phanuel na wenzake, mmoja mmoja." Akawataja kwa majina, wote kumi na watatu. "Na mwaka ujao nitasoma vizuri. Mbio za kuruka viunzi na maji."

"Mnara!" mtu akajibu kutoka nyuma.

"Mnara! Mnara!" wakaitikia wote, na Rosebella akigonga trela kwa mkongojo.

Zilpah akamgeukia Bwana Pickering, akamnyooshea kipaza sauti. "Huyu bwana wa Kisumu," akasema, "mwandikie aje. Watu hawakunielewa."

Bwana Pickering hakukipokea. Alikuwa akitazama viganja vyeusi vilivyoinuliwa kila upande. "Hawakukuelewa?" akasema. "Wanaume kumi na watatu wameacha uwanja, wamepita kwenye miwa, wameruka mtaro, wamemtia askari wangu wazimu, kwa sababu ulisema. Hakuna mtu aliyeeleweka namna hii tangu kiwanda kianze kusaga." Akaanza kushuka ngazi, akasimama katikati. "Ila Jumatatu, kabla hujasoma, uliza. Hata Kimutai. Hasa Kimutai."

Kimutai alikuwa ameshaipanda baiskeli yake. Akamwendea Phanuel, akagonga kiti cha nyuma. "Panda, mkimbiza mnara. Miguu yako imekwisha." Wakauzunguka uwanja mara moja, Kimutai akinyonga, Phanuel nyuma na viganja juu kama askofu, na umati ukikimbia kandokando.

Jumatatu asubuhi Landrova ilisimama kwenye kambi ya wakata miwa. Phanuel akaja na panga lake, akichechemea kidogo.

"Leo tunakata wapi, dada?"

"Shamba la khukhu Rosebella. Kitalu cha karibu na mtaro."

"Mtaro upi?"

Dereva alikuwa ameshatia gia. Zilpah akafungua mlango, akashuka, akasimama naye barabarani na kumwonyesha kwa kidole.